Moyo Uliosikika Jikoni

Kila nikipita Darajani kuna mtu ananisimamisha. "Seif, na mimi kifua kinanibana, wewe ulikwenda kwa nani?" Jua kali, mimi nimeshika kikapu, na yeye anataka nimhadithie mambo ya miaka mitatu kwa dakika mbili. Nikimwambia ni maneno marefu, ananuna. Basi nimekaa nimeandika. Anayetaka asome, na akishasoma aniache nipite.

Mimi si daktari. Mimi ni mpika halua, na baba yangu alikuwa mpika halua, jiko lilelile nyuma ya duka letu Mji Mkongwe. Baba alipofariki tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu Nassor. Asiyewahi kupika halua anadhani ni sukari na samli tu. Kazi yake hasa ni kusonga. Wanga ukishaanza kushika, unashika mwiko mrefu kama kasia na unasonga karai lile saa mbili na zaidi, bila kusimama. Ukisimama inashika chini, na ikishashika chini harufu ya kuungua inaingia karai zima, hakuna iliki wala zaafarani itakayoificha. Kwa hiyo kazi yangu ni mkono na pumzi. Mkono ninao mpaka leo. Pumzi ndiyo iliyonikimbia.

Ilianza Ramadhani iliyoangukia vuli, siku tatu kabla ya Sikukuu, wakati ambao hatupumui hata tukiwa wazima. Nilikuwa nasonga karai la pili nikahisi kama mtu amenikalia kifuani. Si maumivu. Hewa inaingia lakini haifiki inakokwenda. Nikamwita Nassor, nikampa mwiko, nikakaa juu ya gunia la sukari. Alinitazama.

"Kaka, saumu imekushinda leo?"

"Saumu haijanishinda. Pumzi."

Akacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa na miaka arubaini na moja na sijawahi kulazwa hata siku moja.

Baada ya Sikukuu nikaenda hospitali. Nataka nieleze kungoja kulivyo, maana watu wanaopona husahau. Unafika baada ya sala ya alfajiri ukidhani utakuwa wa kwanza, unawakuta watu ishirini wameshakaa kwenye benchi. Unatoa kadi yako dirishani, kadi inaingia kwenye rundo. Unakaa. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Feni inazunguka lakini upepo wake unakwenda kwengine. Watoto wanalia, mtu anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu, mlango unagongwa. Mpaka unaitwa, ni karibu na adhuhuri, na wewe umeshakaa saa tano kwenye benchi umetulia kama mwari. Daktari anakuwekea ile mirija yake kifuani juu ya shati, sekunde mbili, huku nje watoto wanalia.

"Kifua kiko sawa."

"Daktari, nikifanya kazi ndo nnakosa pumzi."

"Una mawazo?"

Nani asiyekuwa na mawazo? Nilitoka na dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni. Nikaivuta mpaka ikaisha. Nikapewa nyengine. Msimu wa kaskazi ukapita, joto likanitesa, nikarudi, nikapewa vidonge vya presha. Vidonge vikanipeleka chooni usiku na mchana na pumzi ikabaki palepale. Nilirudi mara ngapi, sijui. Kila mara benchi, kila mara sekunde mbili, kila mara kifua kiko sawa.

Tunakaa Michenzani, ghorofa ya nne, ngazi hakuna wa kukupunguzia. Zamani nilikuwa nazipanda huku nimebeba ndoo mbili za maji. Ikafika siku nikawa nasimama kila kituo, najifanya naangalia simu. Jirani akipita namsalimia kwa ishara, kwa sababu kuitikia "Alaikum salamu" nzima kulikuwa kunanimaliza. Miguu ikaanza kuvimba jioni, makubadhi yakiniachia alama kama za kamba. Mashavu yakapata rangi nyekundu ya kutisha, watu wakasema nimenawiri. Kulala nikawa nalala nimekaa, mito mitatu nyuma. Mke wangu Maryam alishona mto wa nne bila kuulizwa. Kisha nikaanza kukohoa, na siku moja nikaona kwenye leso kama rangi ya juisi ya komamanga.

Hapo ndipo daktari wa pili aliposema ni kifua kikuu. Makohozi yangu yakapimwa mara tatu na mara zote tatu hayakuonyesha kitu.

"Mara nyengine hakionekani," akasema, na akaniandikia dawa za miezi minane.

Miezi minane! Mtu anayepika chakula cha watu! Sijui khabari ilitokaje, lakini ndani ya wiki mteja wetu wa miaka mingi alikuja dukani, akatazama halua, akanitazama mimi, akasema atapita kesho. Hakupita. Wa pili vilevile. Nassor alivumilia mpaka mwisho wa mwezi, kisha akanifuata Michenzani, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni.

"Kaka, mimi sisemi wewe una nini. Nnasema watu wanavyosema. Kaa nyumbani mpaka dawa zishe."

"Toka vuli nimepumzika kusonga, Nassor. Kupumzika kumenisaidia nini?"

"Si kukusaidia wewe. Duka."

Nikamwambia atoke. Sikumwambia kwa sauti kubwa, sikuwa na pumzi ya kugomba, na hilo liliniuma kuliko maneno yenyewe. Mtu anakosewa na hawezi hata kupiga kelele!

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea alileta kikombe chake kutoka kwao, amekifunga kwenye kitambaa. Akakitoa. Maryam alikiona. Mimi nilikuwa nimebakisha chai nusu. Maryam akanyoosha mkono, akachukua kikombe changu mbele ya mama yake, akanywa mpaka mwisho, akakiweka mezani. Mpaka leo sijamwambia nilivyojisikia siku ile. Naliandika hapa, atalisoma.

Dawa za miezi minane zilianza joto la kaskazi zikamalizika baridi ya kusi. Mkojo ulikuwa mwekundu, viungo vikiniuma, na mwishoni daktari akaniambia nimepona. Nilipanda ngazi za nyumbani siku hiyo kwa robo saa.

Nassor alinirudisha dukani, lakini kazi yangu ikawa kufunga halua kwenye vikapu. Mwiko hakunipa. Alikuwa anaamini, na alimwambia Maryam, kwamba ugonjwa umeisha na uliobaki ni uvivu. Maryam akaniambia. Sijui kwa nini aliniambia.

Masika ya mwaka uliofuata nikiwa benchi lilelile, daktari mmoja alipita anatafuta wagonjwa wenye matatizo ya pumzi ambao hawajajulikana wana nini. Kulikuwa na mradi, watu wa chuo kimoja cha nje wameleta vifaa vya kujaribu. Nikamwambia andika jina langu, sina cha kupoteza. Akanipeleka chumba cha mwisho kwa msichana anayeshughulikia vipimo. Jina lake Neema, mtoto wa Jang'ombe, baba yake fundi seremala mwenye asili ya bara.

"Shikamoo, Baba Raya," alisema, kwa kuwa alikuwa amesoma na binti yangu Raya skuli moja.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nibane na wewe."

Hakunibana. Alinionyesha kidude kama kifungo cha koti, kinabandikwa kwa plasta chini ya titi la kushoto, na waya mwembamba unashuka kwenye kisanduku cha kuvaa kiunoni. Jioni unakiunganisha kisanduku na simu waliyokupa, na kilichorekodiwa kinasafiri mpaka kwenye kompyuta yao.

"Hichi si sikio," Neema alisema. "Moyo ukipiga, ngozi inatikisika kidogo, mwenyewe hujui. Pumzi nayo inatikisa. Hichi kinahisi ule mtikisiko, sisi tunaugeuza sauti."

"Na mimi mwenyewe nikitikisika?"

Akatabasamu. "Ndo mtihani wenyewe."

Mtihani kweli. Kwanza plasta haikushika, jasho na manyoya. Nikanyolewa nusu ya kifua, nikawa kama kuku aliyenyonyolewa akaachwa katikati. Siku ya pili nikaswali, nilipokwenda sijida kidude kikabanduka kikaning'inia. Siku ya tatu nikapata ujumbe kwenye simu: KELELE. RUDIA. Siku ya nne: KELELE. RUDIA. Neema akanipigia.

"Baba Raya, jana saa nne asubuhi ulikuwa unafanya nini? Kumesikika kama tingatinga."

"Nilikuwa nnapita mitaani, mtu wa baiskeli kanigonga."

"Na saa nane?"

"Jirani juu anatwanga."

"Na saa kumi?"

"Nnapanda ngazi kwangu, mwanangu. Nipandeje, nivutwe kwa kamba?"

Akaniomba nikae kitini nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, nisiseme, nisitikisike. Nikakaa. Maryam akazima redio, akawafukuza watoto wa jirani mlangoni, akatembea pekupeku ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wiki nzima tuliishi kama watu wenye maiti. Mwisho wa wiki nikaenda kuchukua majibu. Daktari wa mradi akatazama mistari kwenye kompyuta, akasema sauti ni safi sana, nzuri sana, na haoni kitu cha kutilia shaka.

Hapo nikashindwa. Nilisimama, nikaegemea meza yake, nikasema kila neno na pumzi yake.

"Nikiwa mzima, mnanisikiliza. Nikiwa mgonjwa, mnasema kelele. Miaka miwili na zaidi mimi nnaugua nikifanya kazi, na nyie mnanipima nikiwa nimekaa. Nikae mpaka lini?"

Daktari akasema mradi una taratibu zake. Nikatoka. Nilikuwa nimefika getini Neema akanikimbilia, ameshika daftari.

"Baba Raya, hiyo kazi yenyewe inayokukosesha pumzi, inafanyika wapi?"

Nilimwambia.

"Nikija na kidude huko huko jikoni? Usonge mpaka ushindwe, halafu ulale ubavu wa kushoto palepale, kabla pumzi haijarudi. Dakika mbili tu. Lakini nnataka kimya. Kimya kweli."

Nikamwambia jikoni kwa halua hakuna kimya. Mwiko ukisimama halua imekufa. Akasema atakuja hivyo hivyo, tutajua huko.

Ruhusa ya kutoka na kidude ilichukua miezi, akaja Alhamisi moja ya mwezi wa Shaabani. Ni mwezi wa harusi, na tulikuwa na karai la harusi ya watu wa Malindi, samli nzuri, lozi zimeshamenywa. Nassor alimwona Neema amebeba begi lake, akaniuliza ni nini hiki tena. Nilimweleza. Akaguna. Lakini alinipa mwiko, mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na akasimama pembeni amekunja mikono. Nilijua anangoja kuona uvivu.

Nikasonga. Halua ilikuwa imeshaanza kuwa nzito, inavutika. Dakika ya kumi jasho. Dakika ya kumi na tano nikaanza kuona vitone vyeusi. Nikaendelea, kwa hasira tu, nataka kile kitu kinifike mbele ya Nassor, akione kwa macho yake. Kikafika. Mkono ukaachia mwiko wenyewe. Neema na Nassor walinishika wakanilaza kwenye sakafu juu ya magunia, ubavu wa kushoto, na Neema akabandika kidude akakandamiza kwa kidole. Mimi nilikuwa natafuta hewa kama samaki aliyevuliwa.

Nassor akauokota mwiko akaanza kusonga.

"Mtikisiko unaingia," Neema alisema, anatazama kisanduku. "Sakafu inatikisika. Kaka Nassor, simama."

"Nikisimama inaungua. Ya harusi hii."

"Dakika mbili tu."

"Dakika mbili kwa moto huu!"

Nilikuwa namtazama tu kutoka chini, na yeye akatazama chini akaniona. Sijui aliona nini. Nadhani midomo yangu, maana Neema aliniambia baadaye ilikuwa ya buluu. Nassor akautoa mwiko ndani ya karai, akauegemeza ukutani polepole usigonge. Akafunga mlango wa dukani. Akanyoosha kidole mdomoni kwa msichana wetu wa kazi aliyekuwa anaosha vyombo. Kisha akasimama pale, mikono chini, na halua ikaanza kutoa mapovu makubwa ya taratibu, kisha moshi. Harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Hakusogea. Kuni hakuzivuta kwa sababu zingelia. Alisimama akalitazama karai la harusi linaungua mpaka Neema akainua mkono.

"Nimepata," akasema.

Nassor akatoka nje. Nilidhani amekwenda kulaani. Kumbe alikuwa anakwenda nyumbani kwangu kumchukua Maryam, na Maryam alimkuta njiani anafuta macho. Halua ya harusi aliipika upya peke yake, ikatoka usiku wa manane, na watu wa Malindi hawakujua kitu.

Jumamosi daktari wa mradi alinipigia simu mwenyewe. Aliiweka ile sauti nikaisikiliza kwenye chumba chake, Nassor amekaa pembeni yangu. Pigo la moyo nililijua, kila mtu analijua. Katikati ya mapigo kulikuwa na kitu chengine, mngurumo mdogo wa chini, kama mtu anayeburuta gunia chumba cha pili.

"Huo ni mlango mmoja wa moyo wako," daktari alisema. "Haufunguki vizuri. Ukiwa umekaa, damu inapita taratibu, hatusikii. Ukichoka, damu inataka kupita yote na mlango ni mwembamba. Utotoni uliwahi kupata homa na viungo kuvimba?"

Niliwahi. Nilikuwa na miaka tisa, magoti yalivimba nikakosa skuli muhula mzima. Mama alinikanda kwa mafuta. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari hiyo.

Nilivuka kwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya moyo, na picha ikathibitisha. Msidhani mambo yaliisha hapo. Vuli nzima nilingoja karatasi za kupelekwa nje kutibiwa. Barua ya kwanza jina limekosewa. Barua ya pili jina sawa, mwaka wa kuzaliwa umekosewa. Mtu wa kusaini yuko safarini. Mtu wa kusaini amerudi, faili halionekani. Nassor ndiye aliyekuwa anakwenda, kila Jumatatu, anakaa kwenye benchi la ofisi kama nilivyokaa mimi la hospitali, na akirudi anagomba kwa niaba yangu kwa sauti ambayo mimi sikuwa nayo. Nilipenda kumsikia.

Masika yalipoanza nilisafiri kwenda India na wagonjwa wenzangu wanne. Huko hawakunipasua kifua. Waliingiza mrija mwembamba kwenye paja, ukapanda mpaka moyoni, wakavimbisha kijiputo pale kwenye mlango wakaupanua. Nilikuwa macho. Ilichukua muda mfupi kuliko karai moja la halua. Daktari wao akaniambia kitu kwa Kiingereza, nesi akatafsiri kwa ishara, akavuta pumzi ndefu akaitoa. Nikamuiga. Hewa ikafika.

Nimerudi, na sijarudi kijana. Kila mwezi napigwa sindano ya makalio inayoniumiza siku mbili, na nimeambiwa ni ya miaka mingi. Vidonge nameza. Karai zima sisongi, nasonga nusu, Nassor anamalizia, na tunagombana kama zamani kuhusu iliki. Ngazi za Michenzani nazipanda kwa kituo kimoja. Mradi ulipoisha wenyewe walipakia vifaa vyao kwenye maboksi wakaondoka navyo. Neema alibaki na daftari. Nimemuuliza mara nyingi vimekwenda wapi na vitarudi lini, ananiambia "Wamesema wataandika ripoti." Ripoti! Kidude kama kifungo cha koti, hata kimoja hawakutuachia.

Kwa wewe unayesoma kwa sababu kifua kinakubana, la kwangu ni moja. Mwambie daktari pumzi inakukatika ukifanya nini. Usikubali kusikilizwa ukiwa umeshapumzika. Waulize kama wanaweza kukusikiliza ukiwa umechoka, na uwaeleze homa zako za utotoni hata wasipouliza. Watakuona msumbufu. Wacha wakuone.

Mwezi uliopita nilikuwa benchi nangoja sindano yangu. Pembeni yangu alikaa mwanamke wa Paje, mkulima wa mwani, Bi Mtumwa, viganja vimekauka kwa chumvi. Aliniambia akivuta kamba za mwani majini pumzi inakatika, ameambiwa ni mawazo, ameambiwa ni pumu. Miguu yake niliiona, imevimba kama yangu ya zamani. Alipoitwa mlango ulikuwa wazi, nikamwona daktari kijana, mgeni pale, anamwekea mirija. Sekunde mbili.

"Kifua kiko sawa, Bi Mtumwa."

Nikasimama mlangoni. Nesi akaniambia nirudi nikakae, nikamwambia nimekaa vya kutosha.

"Daktari, samahani. Huyu yuko kwenye benchi toka alfajiri. Ameshapumzika. Mtembeze kwanza, halafu mlaze ubavu."

"Mzee, wewe ni nani yake?"

"Si mtu wake. Mpika halua."

Nilikuwa nimeshajiandaa kugomba. Maneno yote nilikuwa nayo, ya miaka mitatu, na safari hii na pumzi ya kuyasemea. Daktari akanitazama, akamtazama Bi Mtumwa, akatazama miguu yake. Akamwomba atembee ukumbini, aende na kurudi, yeye mwenyewe akifuatana naye hatua kwa hatua. Alipoanza kuhema akamrudisha kitandani, akamgeuza ubavu wa kushoto, akaweka mirija, na akainua mkono kuomba kimya. Benchi zima likanyamaza. Alisikiliza muda mrefu sana, macho amefumba, na mimi nikabaki mlangoni na ugomvi wangu wote, sina wa kumgombeza.